Mafaili ya Jirani wa Kanzu

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na robo alasiri. Niliingia dukani kwetu Kariakoo nikiwa bado na sare za shule, nikakuta watu watatu wamenyamaza. Kwetu huwa hapanyamazi. Mashine ya kudarizi ina kelele zake, feni ina kelele zake, na mama ana zake. Siku hiyo iliyokuwa inasikika ni feni peke yake. Dada alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mikono kichwani kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Mama alikuwa amesimama nyuma yake na mkasi mkononi. Mshonaji wetu alikuwa anakunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

Nikasalimia, hakuna aliyeitikia. Kwa kawaida nikikuta ugomvi natafuta kona nikae mpaka uishe. Mimi ni mtu wa kona. Darasani nikiulizwa swali, mwalimu inabidi anisogelee ndiyo asikie jibu. Sijisifu kwa hilo wala silioni aibu, niko hivyo tu.

Lakini ugomvi ule ulinihusu. Mezani kulikuwa na rundo la skafu nyeupe, vile vitambaa virefu wanavyovaa wahitimu shingoni siku ya mahafali. Zilikuwa za shule yetu, za kidato cha nne. Upande mmoja nembo ya shule, upande wa pili jina la kila mhitimu. Na aliyeileta ile kazi nyumbani ni mimi. Mwalimu mmoja wa kike, mkali, alikuja darasani akauliza nani mzazi wake anadarizi, na msichana ninayekaa naye, ambaye sikumtuma, akaninyooshea kidole. Nikaitwa ofisini. Mwalimu akauliza kama mama ataweza kukamilisha zifike Ijumaa asubuhi, maana mahafali ni Jumamosi, na kama hawezi niseme palepale. Nikasema ataweza. Nilisema hivyo kwa sababu ndilo lilikuwa jibu fupi.

Sasa Ijumaa ilikuwa kesho, nembo zilikuwa zimeshakaa, na hakuna jina hata moja lililodariziwa. Nembo mashine inaikumbuka yenyewe. Majina yanataka programu ya kwenye kompyuta, uandike, ipange mishono, itume kwenye mashine. Na programu ilikuwa haifunguki.

Nilichokielewa, nilikielewa vipande vipande katikati ya makelele, kwa hiyo nakiandika kwa mpangilio wangu. Kompyuta yetu ilikuwa na mfumo wa zamani sana. Ilifika mahali hata picha za wateja zinakataa kufunguka, kila ukurasa unakwambia umechelewa, badilisha. Dada anasoma mambo ya kompyuta chuoni na alikuwa ameshasema tangu mwaka jana kwamba lazima tuiapdeti. Asubuhi ile hakuwa na kipindi, akaanza. Mfumo mpya ukashuka, ukajipanga, na karibu na mwisho ukaleta kidirisha kikisema kuna vitu vimepitwa na wakati, hakuna tena anayevitunza: niviondoe au nibaki navyo?

Mtu mwingine angebonyeza anachojua. Lakini duka letu halina uamuzi usiopita kwa mama. Hata taa ikiungua anaulizwa kwanza iwekwe ya rangi gani. Kwa hiyo dada akamsomea kwa sauti. Na mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kibarazani, ambako alikuwa amerushiana maneno na jirani kuhusu maboksi yaliyokaa mbele ya mlango wetu.

"Ondoa," mama akasema. "Nimechoka kufuga vya zamani."

Dada akaondoa.

Miongoni mwa hivyo vya zamani kulikuwa na kile watu wa kompyuta wanachokiita maktaba. Si chumba cha vitabu. Ni faili ambalo programu inaliazima kwa kazi isiyoiweza yenyewe. Programu yetu ya kudarizi haijui kuzungumza na mashine. Inaliomba faili lile lizungumze kwa niaba yake. Lile faili hakulitoa mtu kiwandani. Alilitengeneza fundi aliyetufungia kompyuta, kwa mkono wake, kwa ajili ya mashine ya aina yetu, na yeye siku hizi simu yake haipatikani. Wengine wanasema yuko Kongo. Mfumo mpya ulipolikagua ukaona halitoki popote unapopajua. Ukalihesabu takataka.

"Si wewe ulisema niondoe?" dada akaanza tena, mimi nikiwa bado nimesimama mlangoni.

"Nilisema takataka. Nilisema ung'oe ulimi wa mashine?"

"Mama, mimi nilikusomea."

"Ulinisomea Kizungu chako."

Hakumsomea Kizungu. Alimsomea Kiswahili kabisa, mshonaji aliniambia baadaye. Lakini siku hiyo mshonaji hakufungua mdomo. Yeye ana sababu yake ya kukaa kimya kwenye duka letu, nitaisema.

Dada alitafuta lile faili mtandaoni mpaka macho yakawa mekundu. Akapata yenye majina yanayofanana, akajaribu moja, programu ikakataa. Akajaribu jingine, kompyuta nzima ikaganda. Akanigeukia mimi, ambaye sijagusa kitu, akaniambia nisogee mbali, nampumulia. Mama akasema kama hali ndiyo hii, kesho nirudishe vitambaa shuleni, niwaambie tumeshindwa.

Kama angesema nirudi uchi shuleni ingekuwa nafuu. Niliuona mlango wa ofisi ya walimu, ule wenye rangi ya kijani iliyobanduka, na mimi mbele yake na rundo la skafu zisizo na majina. Na nikamwona yule mwalimu akiniuliza mbele ya wenzake: si ulisema ataweza?

Ndipo nikatazama ukuta. Nilipogeuka, dada naye alikuwa anautazama, na mshonaji pia.

Upande wa pili wa ukuta ule kuna duka la kanzu. Mwenyewe ni mama mmoja wa Kiarabu, mtu mzima kuliko mama, babu yake alikuja kutoka Yemeni na wao wote wamezaliwa hapahapa Kariakoo, si kama sisi tuliotoka Kilimanjaro. Mashine yake na yetu zilikuja pamoja, zimefungwa na fundi mmoja, siku moja, kwa diski moja. Mimi nilikuwepo, nilikuwa shule ya msingi, nilikaa mlangoni nakula kashata alizonipa yeye. Nilikuwa namwita mama mkubwa. Kila kilichokuwa kwenye kompyuta yetu kabla ya asubuhi ile kilikuwa kwenye ya kwake, na ya kwake haijaguswa.

Lakini mshonaji wetu alikuwa mshonaji wake. Alitoka kwake akaja kwetu, na baadhi ya wateja wakamfuata. Mama anasema alikuja kwa miguu yake. Jirani anasema alitoroshwa. Tangu mfungo wa mwaka jana hawasalimiani, na mama akatukataza na sisi. Si kunyamaziana tu; alitukataza kumpa shikamoo. Kila siku nikitoka shule napita mbele ya mtu aliyeniona nikiwa na meno ya mbele yametoka, nainamisha kichwa kama simwoni. Naandika ukweli: mtu mwenye aibu kama mimi, kukatazwa kusalimia ilikuwa karibu raha. Halafu nikawa namchukia mama kwa kunifanya nione raha kwenye jambo baya.

"Asiende mtu," mama akasema. Hakuna aliyekuwa amesema kitu. "Bora vitambaa virudi."

Kisha akachukua pochi akaenda kununua uzi wa bluu mtaa wa pili, uzi wa majina ambayo hayakuwepo. Ndivyo alivyo, hawezi kukaa na tatizo bila kulinunulia kitu.

Dada akafungua kile kidirisha cheusi cha maandishi, akaita programu, ikataja jina la faili linalokosekana. Nikaliandika kwenye kiganja kwa peni. Nikachukua flashi.

"Mimi sijui lolote," dada akasema bila kunitazama.

Sikuenda kwa ajili ya mama wala duka. Nilienda kwa sababu mlango wa kijani nauogopa kuliko ninavyomwogopa mama.

Jirani alikuwa amekaa nyuma ya meza, kanzu mapajani, anakata nyuzi zilizobaki kwenye kifua. Harufu ya dukani kwake ni ileile, udi na mafuta ya mashine.

"Shikamoo."

Akakata uzi. Akakata mwingine.

"Umekuja kumchukua nani leo?" akasema. "Mshonaji mlishachukua."

Nikaeleza. Akasema hasikii. Nikaeleza tena, akasema bado, nizungumze kama mtu aliyekula. Mara ya tatu nikamwonyesha kiganja. Akavaa miwani, akanishika mkono, akasoma herufi moja moja kwenye ngozi yangu.

"Mama yako kakutuma?"

"Hapana."

"Afadhali. Angekutuma ningekufukuza." Akaachia mkono. "Watu wa Kilimanjaro mnajua sana biashara. Mtu anakwibia mkono wa kulia, halafu anarudi kukuazima wa kushoto."

Lakini akanionyesha kompyuta. Nikatafuta faili, nikalinakili. Nilipoinuka alichukua kitambaa akafuta vitufe nilivyogusa, kimoja kimoja, nikiwa bado nimesimama pale. Nikamwambia asante. Akaniambia nisikanyage kanzu.

Dada alipoweka lile faili karibu na programu na kuita tena, sote tuliinama kwenye kioo. Programu ilifikiri kidogo, ikakataa. Ikataja jina jingine. Faili la kwanza lilikuwa limepatikana, na sasa nalo lilikuwa linamdai mwenzake.

Dada akajipiga paji la uso. Kuna amri, akasema, unaiuliza programu ikutajie yote inayoyakosa kwa mara moja, na yeye ameisoma, ameifanyia mtihani, na amefaulu. Akaiandika. Yakatoka mawili yaliyobaki.

"Rudi," akasema.

"Nenda wewe."

"Siku ya ugomvi wa mshonaji nilimwita jirani mchawi mbele ya wateja. Unataka nikaombe faili?"

Nikamtazama mshonaji. Mshonaji akatazama dari. Ningeweza kuwapiga wote wawili na ile fimbo ya kufungulia shata ya mlango.

Nikaandika majina mawili chini ya lile la kwanza, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilipoingia jirani hakushangaa. Alikuwa amesogeza kiti, anakabili mlango.

"Mnachukua kidogo kidogo kama panya."

Nikasema yamebaki mawili tu, ndiyo ya mwisho.

"Na kesho mtakuja na mengine, keshokutwa na ukuta." Akaweka kanzu pembeni. "Mwaka mzima unapita hapo mlangoni. Nakuona. Mimi nilikufungia kamba za viatu, wewe unanipita kama mtaro. Leo una shida, shikamoo imerudi. Haya. Toka hapo kibarazani, simama, useme kwa sauti mtaa usikie: mama yangu anaomba. Ukisema, ingia uchukue."

Nikasema mama hajaomba.

"Basi ameshindwa. Mwambie arudishe kazi ya watu."

Nikainamisha kichwa. Kumbukumbu yangu ni ya sakafu yake, vigae vyeupe vyenye maua ya bluu, kimoja kimepasuka. Halafu nikatoka.

Kibaraza chetu ni kimoja, kinaunganisha maduka yote mawili. Mbele yake mtaa ulikuwa kama ulivyo siku zote saa hizo: machinga na meza zao, mkokoteni wa mabelo ya mitumba unalazimisha njia, spika ya duka la viatu inarudia bei zilezile. Nikasema.

"Sijasikia," akasema kutoka ndani.

Nikasema tena. Muuza soksi akageuka.

"Bado."

Basi nikapiga kelele. Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo, hata sikuijua. "Mama yangu anaomba." Spika ya viatu ilikuwa ndiyo imenyamaza kubadili tangazo, kwa hiyo sauti yangu ilisikika mpaka ng'ambo. Watu wakacheka. Mwenye mkokoteni akasema mpeni anachoomba huyo mtoto tupite. Na nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama chini ya ngazi na mfuko wa uzi wa bluu.

Uso wake sitauelezea. Alipanda ngazi polepole, akanipita, akasimama kwenye mlango wa jirani bila kuvuka kizingiti.

"Umemsimamisha mtoto wangu mtaani," akasema, "kwa sababu ya faili."

"Na wewe umemkataza shikamoo," jirani akajibu, "kwa sababu ya mshonaji."

Nilisubiri mama ajibu. Mama ana jibu la kila mtu. Ameshawajibu mgambo, wenye nyumba, na wateja wanaosema uzi umechuja. Mara hii alibadilisha mfuko kutoka mkono huu kwenda huu, akaingia kwetu.

"Ingia uchukue," jirani akaniambia. "Ulisema vizuri."

Namchukia kwa hilo neno vizuri kuliko kwa mengine yote.

Nikanakili mafaili mawili. Safari hii hakufuta vitufe, au labda alifuta nilipotoka, sikugeuka kuangalia. Dada akayaweka, akaita programu, ikafunguka. Mama akaingiza uzi wa bluu kwenye mashine, dada akaandika jina la kwanza, sindano ikaanza kugonga, na kelele za duka zikarudi mahali pake.

Mama aliuliza swali moja tu kuhusu jambo lile. Alitaka kujua mafaili ya yule mwanamke yamekaa wapi. Dada akaeleza kwamba hakuyachanganya na ya mfumo, maana mfumo ukiapdetiwa tena utayaona hayana mwenyewe na kuyafagia. Ameyawekea folda yao peke yake, pembeni ya programu, na ameiambia programu iyatafute humo kwanza. Pia amenakili folda nzima kwenye flashi.

"Kwa hiyo hayajachanganyika na ya kwetu."

"Hayajachanganyika."

"Hivyo hivyo," mama akasema. Naamini ndicho kitu pekee kilichomfurahisha siku ile.

Mimi hakunisemesha. Tulidarizi mpaka maduka mengine yakafunga, mama akitoa skafu moja na kubana nyingine, mimi nikikata nyuzi. Aliponihitaji alinyoosha mkono tu na mimi nikajua ni mkasi au ni uzi. Nilikuwa nimemwombea kitu ambacho hakukiomba, kwa sauti, mtaa mzima. Na nilikuwa nimeokoa kazi yake. Alikuwa na hasira kwa moja na shukrani kwa jingine, na nadhani hakutaka kunipa hata kimoja kabla hajajua kipi kikubwa. Mimi pia nilikuwa na hasira. Hakuna aliyeniuliza kama nami nina yangu.

Asubuhi yake, Ijumaa, tulifika dukani mapema kuchukua skafu. Mama alizihesabu, akazifunga kwenye shuka safi, akanikabidhi. Bado kimya. Nilipotoka, jirani alikuwa amekunja baibui mpaka magotini anaosha kibaraza, sehemu yake na nusu ya yetu, kama alivyokuwa anafanya zamani kabla ya mshonaji. Maji ya sabuni yalikuwa yametanda mpaka kwenye ngazi. Nyuma yangu mama alikuwa mlangoni anamalizia kupandisha shata.

Sikuwa na shida naye asubuhi ile. Sikutaka faili wala flashi.

"Shikamoo," nikasema. Si kwa sauti ya mtaa, lakini mama alisikia, kwa sababu shata ilisimama katikati.

Jirani akaegemea fagio. Akanitazama, akamtazama mama juu ya bega langu.

"Marahaba," akasema. "Pitia upande ule, huku nimeshasuuza."

Nilimpa shikamoo yake kwa sababu ni haki yake, na alinidai mwaka mzima. Ya mimi kusimamishwa kibarazani ni hesabu nyingine. Kwa hiyo nikapita palepale aliposuuza, na viatu vyangu vya shule vyenye vumbi la mtaa wa Gerezani, bila haraka, mguu mmoja baada ya mwingine, nyayo zikibaki nyuma yangu mpaka kwenye ngazi. Nikasikia fagio limegongwa chini. Kisha nikasikia pumzi ikimtoka mama puani, ile anayoitoa akijizuia kucheka, na shata ikaendelea kupanda.

Nikaenda kituo cha mabasi ya mwendokasi na mzigo wangu. Shuleni sikupita darasani kwanza. Nilienda moja kwa moja kwenye mlango wa kijani, nikagonga, nikaingia bila kusubiri kuitwa, nikaweka shuka juu ya meza ya yule mwalimu na kulifungua mwenyewe, ili aone majina.